Mashine Ikikosea, Nani Atajibu? Mwongozo Kamili wa Kuunda Mashine Zinazojiendesha

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Gari halikuwa kipofu. Wachunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani walibaini kwamba vihisi vyake vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kilichoshindikana ni kuamua kimeonekana nini: mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Na kila programu ilipobadili jina ilitupa kumbukumbu ya alikotoka, ikaanza kumkadiria upya kana kwamba ndiyo kwanza anatokea. Haikuwa imeandikwa kufikiria kwamba mtu wa miguu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Breki ya dharura iliyokuja na gari kutoka kiwandani ilikuwa imezimwa kila kompyuta ya majaribio ilipokuwa inaendesha. Na mtu aliyeketishwa kwenye usukani ili aokoe jahazi mambo yakiharibika alikuwa anatazama simu.

Nani alijibu? Mwaka 2019 waendesha mashtaka walisema hawaoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwaka 2023 mtu wa kwenye usukani alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 ya kuwa chini ya uangalizi. Simtetei, kazi yake ilikuwa kutazama barabara. Lakini hesabu watu walioamua jambo kabla yake: aliyeandika dhana ya kivuko, aliyezima breki, aliyepunguza wasimamizi ndani ya gari kutoka wawili hadi mmoja. Hao hawakuwa garini usiku ule, ingawa maamuzi yao yalikuwamo.

Mashine haiwajibiki. Haioni aibu, haina mali ya kulipa fidia, haisimami kizimbani. Tunaposema tunataka mashine inayowajibika, tunachotaka hasa ni mashine iliyoundwa kiasi kwamba, ikitenda jambo lolote, tunaweza kumpata mtu aliyeamua, tukaona aliamua kwa taarifa gani, na tukajua nani alikuwa na uwezo wa kuizuia. Mwongozo huu unafuata maswali hayo matatu tangu mchoro wa kwanza hadi siku mashine inapostaafishwa. Ili tusielee hewani, nitatumia mfano mmoja: kigari kinachojiendesha kubeba mizigo ndani ya ghala, kati ya watu wanaotembea. Ukiunda droni, mashine ya shambani au kifaa cha hospitali, badili majina. Kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Andika mipaka ya kazi, kisha andika unachokichukulia kuwa kweli

Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, andika ukurasa unaosema kigari kitafanya kazi wapi, saa ngapi, kwa mwendo gani, kwenye sakafu ya namna gani, na mwanga kiasi gani. Karibu kila timu hufanya hivyo. Wanachoruka ni nusu ya pili: orodha ya mambo waliyoyachukulia kuwa kweli bila kuyasema. Watu watapita kwenye njia zilizochorwa. Hakuna mtoto ghalani. Sakafu ni kavu. Mtandao haukatiki.

Chukua kila sentensi ya orodha hiyo, igeuze kuwa swali: na kama si kweli? Jibu likiwa “kigari kitajua na kitapunguza mwendo”, onyesha kinajuaje. Jibu likiwa “haitatokea”, umepata hatari yako ya kwanza. Dhana ya Tempe kwamba watu huvuka kwenye vivuko ingekuwa sentensi moja kwenye karatasi, na mtu yeyote aliyewahi kuvuka barabara angeipinga papo hapo. Haikupata nafasi ya kupingwa kwa sababu ilikuwa imefichwa ndani ya programu.

Sema pia kiwango cha uhuru wa mashine kwa uwazi. Kwa magari kuna ngazi za SAE, chama cha wahandisi wa magari, kuanzia 0 hadi 5, na ngazi ya 3 ndiyo yenye mtego: mashine inaendesha yenyewe, lakini mtu lazima awe tayari kupokea akiitwa. Kwa mashine nyingine unaweza kubuni ngazi zako, mradi mwendeshaji ajue kila dakika yuko ngazi gani. Ngazi inayobadilika kimyakimya ni hatari kuliko kutokuwa na ngazi kabisa.

Hatua ya 2: Kila uamuzi uwe na jina la mtu

Siyo jina la idara, wala “timu ya uhandisi”. Jina la mtu, na la msaidizi wake akiwa likizo. Kwa kigari chetu orodha inaweza kuanza hivi:

- aliyekubali mwendo wa juu kabisa;
- aliyekubali umbali wa kusimama mbele ya mtu;
- anayeidhinisha toleo jipya la programu kwenda kwenye vigari vyote;
- anayeweza kusimamisha vigari vyote kwa mpigo, saa yoyote, bila kuomba ruhusa;
- anayepokea simu saa nane usiku.

Mstari wa nne ndio ninaoupima kwanza nikitaka kujua kama shirika liko makini. Mahali ambapo mfanyakazi wa kawaida akibonyeza kitufe cha kusimamisha lazima ajieleze kwa nini kazi imechelewa, kitufe hicho ni pambo.

Sasa tahadhari ambayo ni kiini cha hatua hii. Ni rahisi mno kumpa jina la mwisho mtu wa chini kabisa: mlinzi, msimamizi wa zamu, aliyeketi kwenye usukani. Kisheria anaonekana “anasimamia”, lakini kwa kweli kazi yake ni kama bamba la mbele la gari: yupo ili abonyee yeye, wengine wasalimike. Kipimo ni maswali matatu. Je, ana muda wa kutosha wa kuingilia? Je, anaona taarifa zilezile ambazo mashine inazitumia? Je, akiingilia, mashine itamtii? Likikosekana moja, huyo hasimamii chochote, na jukumu lirudi juu kwa aliyemweka pale.

Kuhusu muda, usijidanganye. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alionyesha kejeli iliyomo: kadiri unavyoipa mashine kazi rahisi na kumwachia mtu zile ngumu tu, ndivyo mtu huyo anavyokosa mazoezi na umakini siku ngumu inapofika. Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France namba 447 ilikuwa juu ya Atlantiki pale mirija ya kupimia kasi ilipoziba kwa barafu, na mfumo wa kujiendesha ukajitoa na kuwaachia marubani ndege. Hawakuelewa ndege iko katika hali gani. Hazikupita dakika 5 ikawa imeingia baharini na watu 228. Ikiwa marubani waliofunzwa miaka mingi walipotea namna hiyo, mlinzi wa ghala aliyeshinda saa sita akitazama vigari vikienda na kurudi bila tatizo hawezi kuwa ngao yako ya mwisho.

Hatua ya 3: Ifundishe mashine kusimama, na kwanza amua kusimama maana yake nini

Mwaka 1854 Elisha Otis alipanda kwenye jukwaa la lifti katika maonyesho jijini New York, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo likanasa. Watu walianza kuamini lifti baada ya kuona kwamba kamba ikikatika breki inajifunga yenyewe; kamba yenyewe ilikuwa inakatika kama kamba nyingine yoyote. Breki ya hewa ya treni ya George Westinghouse ya mwaka 1872 ina busara hiyohiyo: shinikizo la hewa ndilo linaloziachia breki, hivyo bomba likipasuka au mabehewa yakiachana, breki hukamata.

Huo ndio mtindo wa kuiga. Ruhusa ya kwenda iwe kitu kinachohitaji kuhuishwa kila mara, na ukimya umaanishe simama. Kwa kigari: kompyuta kuu itume ishara ya uhai kila sehemu ndogo ya sekunde kwa saketi ndogo inayojitegemea, ishara isipofika kwa wakati, saketi hiyo ikate nguvu ya injini bila kuuliza. Programu kuu isiwe na njia yoyote ya kuizuia.

Neno “inayojitegemea” lina historia chungu. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita mionzi iliyopita kiasi mno, na baadhi yao walifariki. Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya maunzi vilivyozuia mionzi isitoke ikiwa mpangilio haujakaa sawa. Kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, ulinzi ukaachiwa programu. Kosa lililokuwamo kwenye programu lilikuwamo hata kwenye mashine ya zamani, ila huko lilikuwa linazuiwa na fyuzi. Waendeshaji nao walikuwa wamezoea kuona ujumbe wa hitilafu mara nyingi kwa siku, ujumbe wenye namba tu, na kitufe kimoja cha “endelea”. Wakaendelea. Kumbuka hilo unapopanga maonyo yako: onyo linalotokea mara arobaini kwa zamu limeshakufa.

Kwa kusimama kwenyewe, viwango vya usalama wa mashine vinatenganisha namna tatu. Namna ya 0 ni kukata nguvu papo hapo. Namna ya 1 ni kupunguza mwendo kwa utaratibu, kisha kukata nguvu. Namna ya 2 ni kusimama huku nguvu ikibaki. Kiwango cha ISO 13850, kinachohusu kitufe cha dharura, kinadai kitufe chekundu kwenye mandhari ya njano, na kinaruhusu namna ya 0 au ya 1 pekee. Kigari kilichobeba mzigo mrefu kikikatiwa nguvu ghafla kinaweza kuumwaga, kwa hiyo mara nyingi namna ya 1 inakifaa zaidi. Droni iliyo angani haiwezi kukatwa nguvu kabisa. Kwake hali salama ni kutua, na lazima iwe imeshajua itue wapi.

Na hali salama si moja. Tarehe 2 Oktoba 2023 jijini San Francisco, gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mtembea kwa miguu na kumrusha mbele ya teksi ya Cruise isiyo na dereva. Teksi ilifunga breki ikasimama. Kisha, ikiwa imeitafsiri vibaya ajali hiyo kuwa ni ya ubavuni, ikafanya kile ilichofunzwa kuwa ni cha usalama: kusogea pembeni mwa barabara. Mtu alikuwa chini yake, naye akaburutwa takriban mita 6. Kwa hiyo kila tendo la “usalama” liandikiwe sharti lake. Kwa kigari ningeandika hivi: baada ya mgongano wowote, usisogee hata sentimita moja mpaka mtu aje atazame.

Hatua ya 4: Usikubali shahidi mmoja

Ndege za Boeing 737 MAX zilianguka mara mbili, tarehe 29 Oktoba 2018 huko Indonesia na tarehe 10 Machi 2019 huko Ethiopia, na kuua watu 346 kwa jumla. Mfumo ulioinamisha pua ya ndege ulisikiliza kihisi kimoja tu cha kupima pembe ya ndege dhidi ya upepo unaoijia, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Kihisi kikadanganya, mfumo ukaamini, tena ukarudia kuamini.

Kwa kila tendo linaloweza kumuumiza mtu, dai mashahidi wawili wasiofanana. Neno la maana hapo ni “wasiofanana”. Roketi ya Ariane 5 iliyoharibika sekunde zipatazo 40 tu baada ya safari kuanza, tarehe 4 Juni 1996, ilikuwa na vifaa viwili vya kupima mwelekeo, kimoja kikiwa cha akiba. Vyote viwili vilibeba programu ileile, vikajaribu kuingiza namba kubwa kwenye nafasi ndogo, na vyote vikazima kwa sababu ileile. Kigari chenye kamera mbili za aina moja kina macho mawili yanayopofushwa na jua lilelile. Weka kamera pamoja na kihisi cha leza, au leza pamoja na bamba la mguso. Wakitofautiana, kigari kichukue upande wa tahadhari, na tofauti hiyo iandikwe. Ndiyo mali ghafi ya hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Kumbukumbu zinazoweza kusimama mahakamani

Hapa nitakaa zaidi, maana bila kumbukumbu hatua nyingine zote ni maneno.

*Andika kilichotokea pamoja na kilichoamriwa.* Tarehe 28 Machi 1979, kwenye mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, taa ya chumba cha udhibiti ilionyesha kwamba vali moja imefungwa. Kumbe taa ilikuwa inaonyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa. Vali ilikuwa wazi, maji yalikuwa yanavuja, na waendeshaji walifanya maamuzi kwa kuiamini taa. Kwa kigari: andika kwamba kompyuta iliamuru breki, na kando yake andika kile kihisi cha gurudumu kilichopima. Siku mambo hayo mawili yatakapotofautiana, utashukuru.

*Andika uamuzi pamoja na kilichouleta.* Kila kipande cha kumbukumbu kibebe muda, namba ya kigari, toleo la programu na la modeli (ile sehemu iliyofunzwa kutambua vitu), vihisi vilisema nini, mashine ilikiita kitu hicho jina gani na kwa uhakika kiasi gani, ni chaguo gani lilikuwapo, lipi lilichaguliwa, na nani alikuwa msimamizi saa hiyo. Toleo la programu husahaulika kuliko vyote. Bila hilo, baada ya mwezi mmoja na masasisho matatu hutaweza kurudia kosa ili ulione.

*Saa iwe moja.* Kompyuta tano ndani ya kigari zikiwa na saa tano zinazopishana kwa nusu sekunde, hutajua kilianza kipi, kuona au kugonga.

*Zuia kufutwa na kuhaririwa.* Njia ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kila kipande kipya kibebe heshi ya kipande kilichotangulia. Heshi ni kama alama ya kidole ya maandishi, ukigusa herufi moja inabadilika yote. Hivyo vipande vinashikana kama mnyororo, na anayebadilisha cha jana atalazimika kubadilisha vyote vya leo. Anaweza, akiwa na mnyororo wote mkononi. Ndiyo maana kila saa, heshi ya mwisho isainiwe kidijitali na kupelekwa mahali ambapo mwenye mashine hana ufunguo: kwa mkaguzi, kwa bima, au kwa mteja. Baada ya hapo uongo unakuwa kazi kubwa.

*Kumbukumbu iokoke ajali.* David Warren wa Australia alianza kutetea kinasa cha ndege miaka ya 1950, baada ya ndege za Comet kuanguka pasipo shahidi. Kigari hakihitaji sanduku la kustahimili moto wa petroli, lakini sekunde 30 kabla na baada ya tukio lazima ziandikwe kwenye hifadhi isiyopotea umeme ukikatika. Zikiwa kwenye kumbukumbu ya muda, ndizo za kwanza kupotea.

*Usigeuze kinasa kuwa kachero.* Kamera inayopita katikati ya wafanyakazi siku nzima inaweza kutumika kuwahesabia dakika za kwenda chooni. Wakishagundua hivyo, wataifunika, na watakuwa na haki. Tenganisha tangu mwanzo: picha kamili zihifadhiwe kwa tukio tu, sura zifichwe, na kila anayefungua kumbukumbu naye aandikwe kwenye kumbukumbu.

Jaribio la hatua hii: chukua saa moja ya kumbukumbu, mpe mhandisi ambaye hakuwapo, mwambie aeleze kigari kilifanya nini na kwa nini. Akishindwa, kumbukumbu zako ni takataka zilizopangwa vizuri.

Sheria nayo inakuja upande huu. Sheria ya akili bandia ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024 na kutekelezwa kwa awamu, inadai mifumo yenye hatari kubwa ijiandikie kumbukumbu na zitunzwe angalau miezi 6. Mwongozo mpya wa Umoja huo kuhusu dhima ya bidhaa unaihesabu programu kuwa bidhaa, na unahusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026. Mshtakiwa akishindwa kutoa ushahidi alioamriwa kuutoa, mahakama inaweza kuchukulia kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro. Maana yake kwa mhandisi: kukosa kumbukumbu hakukulindi tena.

Hatua ya 6: Jua kifaa ni kipi, na nani anakibadilisha

Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilizikamata kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi hilo la vifaa liliangusha huduma za Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye tovuti kwa majina yake, na tovuti kubwa kadhaa zikawa hazifikiki. Kwa hiyo kila kigari kiwe na ufunguo wake, kisifanane na jirani yake, na kikatae sasisho lolote lisilo na saini sahihi.

Saini peke yake haitoshi. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital iliweka programu mpya kwenye seva zake 8, moja ikasahaulika. Seva hiyo iliamsha programu ya zamani iliyokuwa imeachwa humo, na kwa takriban dakika 45 ikanunua na kuuza bila breki. Hasara ilizidi dola milioni 400. Sasisha kigari kimoja kwanza, kisha vichache, kisha vyote. Kila kimoja kithibitishe chenyewe toleo kilicho nalo, na njia ya kurudi kwenye toleo la jana iwe imejaribiwa kwa vitendo. Programu isiyotumika ifutwe.

Hatua ya 7: Pima, na useme namba kwa ukweli

Kigari kikifanya safari 1,000 bila ajali, umethibitisha nini? Kuna kanuni nyepesi ya takwimu: usipoona tukio hata moja katika majaribio n, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango chake hakizidi 3 gawanya kwa n. Safari 1,000 safi zinakuruhusu kudai tu kwamba ajali hazizidi 3 kwa kila safari 1,000. Ghala lenye safari 500 kwa siku haliwezi kulala kwa ahadi hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya RAND ya Marekani walipiga hesabu ya aina hii kwa magari: kuonyesha kwamba gari halizidi kiwango cha vifo cha madereva wa Marekani kungehitaji maili milioni 275 bila kifo hata kimoja, sawa na kilomita zipatazo milioni 440. Na ukibadilisha programu, sehemu kubwa ya hesabu inaanza upya.

Kwa hiyo usitegemee kilomita peke yake. Haribu vitu kwa makusudi: ziba kamera kwa karatasi, chomoa waya wa kihisi kigari kikiwa mwendoni, kata mtandao, peleka saa mbele, mwaga maji sakafuni. Endesha toleo jipya kimyakimya sambamba na la zamani, likiamua bila kutenda, kisha ulinganishe mahali walipotofautiana. Na ajira ya anayejaribu isitegemee tarehe ya uzinduzi.

Hatua ya 8: Mashine ijieleze kwa anayesimama mbele yake

Uaminifu ukizidi nao unaua. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, waliweka moshi wa bandia na king’ora, na washiriki wakaifuata roboti ya kuwaongoza ingawa muda mfupi kabla roboti hiyohiyo ilikuwa imewapoteza njia. Lengo lako liwe kwamba watu waiamini mashine kiasi inachostahili tu.

Kigari kionyeshe kinaelekea wapi kabla hakijageuka. Kionyeshe kimekuona: taa ndogo inayowaka upande wako ina thamani kuliko uso wenye tabasamu. Uso wenye macho makubwa unaahidi uelewa ambao haupo, na mimi ningeupiga marufuku kwenye mashine yenye uzito wa kuvunja mguu. Kiwango cha IEEE 7001 cha mwaka 2021, kinachohusu uwazi wa mashine zinazojiendesha, kinasaidia hapa, kwa sababu kinatenganisha watu: mtumiaji, mpita njia, mkaguzi, mchunguzi wa ajali na mwanasheria hawahitaji maelezo ya aina moja. Mpita njia anahitaji neno moja na namba ya simu iliyobandikwa ubavuni, ya mtu anayepokea.

Hatua ya 9: Siku ya ajali

Uiandike leo, na uifanyie zoezi. Mashine isimame. Majeruhi kwanza. Kumbukumbu zifungwe papo hapo ili zisifutwe na nyingine, na nakala iende kwa mtu wa nje. Vigari vya toleo hilohilo visimame mpaka ijulikane. Kisha sema ukweli wote, pamoja na unaouma. Cruise ilipoteza leseni yake ya California tarehe 24 Oktoba 2023, na miongoni mwa yaliyoiponza ni kwamba maelezo ya mwanzo hayakuweka wazi kuburutwa kwa yule mtu. Desemba 2024 kampuni mama, General Motors, iliachana na biashara hiyo ya teksi.

Usisubiri ajali ili ujifunze. Tangu mwaka 1976 marubani wa Marekani wamekuwa wakiripoti matukio ya nusura ajali kwa mfumo unaosimamiwa na NASA, unaowafichia majina. Weka dawati kama hilo ghalani. Mfanyakazi aliyeruka pembeni kigari kilipomkaribia mno amekuletea data ambayo hakuna kihisi kingekupa, mradi asiulizwe alikuwa anafanya nini pale.

Hatua ya 10: Kuistaafisha

Vigari vitachakaa, au kampuni iliyoviunda itafungwa kabla havijachakaa. Mkataba wa kununua useme mapema nani atatoa masasisho ya usalama na kwa miaka mingapi, na programu yake itunzwe kwa mtu wa tatu ili mtengenezaji akitoweka isipotee naye. Siku ya mwisho, futa funguo za kigari ili mwingine asijifanye ndicho. Orodha ya majina ya hatua ya 2 usiifute. Ifunge pamoja na kumbukumbu. Na pamoja nazo hifadhi ile programu ndogo inayozisoma, ukaijaribu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona.